Mke Asiyefungashwa

Mwanamume anayevaa koti la baridi katikati ya soko la Garissa, saa saba mchana, ama ana homa ama ana wazimu. Kaaha aliamua huyu ana vyote viwili. Kijana alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Kaaha cha mabegi, koti jeusi lenye manyoya shingoni limefungwa zipu hadi kidevuni, jasho linamtiririka, na bado anajigeuza huku na huku mbele ya kioo cha jirani muuza vipodozi.

"Walaal, livue kabla hujaniangukia hapa," Kaaha alimwambia. "Mimi nauza mabegi, siuzi sanda."

Wanawake wa vibanda vya karibu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na Kaaha akaona kishimo kilichojitokeza shavuni mwake, akasahau alichotaka kuongeza.

"Si langu," alisema akihangaika na zipu. "Ni la binamu yangu. Anakwenda ng'ambo. Tunalingana mwili."

"Na huyo binamu hana miguu ya kuja mwenyewe?"

"Anayo. Ila hana bahati kama yangu."

"Bahati gani?"

"Ya kutukanwa na wewe."

Jina lake lilikuwa Jelle. Chini ya koti alikuwa na shati jeupe lililokuwa limepigwa pasi vizuri kabla halijalowa. Kaaha siku hiyo alivaa dera la rangi ya machungwa chini ya mtandio mweusi, hina mbichi vidoleni, na alijua fika kwamba amependeza. Alimuuzia begi kubwa la bluu, akampunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo hakuwahi kuwafanyia hata shangazi zake.

Mabegi yalimpa riziki, lakini kilichompa jina mjini ni kufungasha. Mwanafunzi anayekwenda Uturuki, binti anayeolewa Dubai, familia ya wakimbizi iliyopata safari kutoka kambini Hagadera, wote waliambiwa nendeni kwa Kaaha binti Olow. Soksi aliziingiza ndani ya viatu. Chupa za mafuta ya ufuta alizikaza kwa nailoni na gundi, kisha akazivika nguo za ndani. Alipima uzito kwa mizani ya kuning'iniza, na mwisho alifunga kitambaa cha njano kwenye mkono wa begi ili mwenyewe alitambue kwenye uwanja wa ndege.

Binamu yake Jelle aligeuka kuwa msafiri msumbufu kupita wote. Leo anataka kufuli, kesho anataka kujua kama miswaki inaruhusiwa. Jelle akawa anakuja kibandani, na asipokuja anapiga simu.

"Kaaha, binamu anauliza achukue soksi ngapi."

"Mwambie binamu nimechoka naye."

"Anasema sauti yako inamtoa usingizi."

"Anasema yeye au unasema wewe?"

"Sisi wawili tunalingana mwili, macaanto. Huenda tunalingana na moyo."

Macaanto, yaani mtamu wangu. Kaaha alikata simu akajifunika uso kwa mtandio, akicheka peke yake.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini uongo nao hujikohoa wenyewe. Siku moja mama mmoja mwembamba alifika kibandani akihema, mkono kifuani, ametoka hospitalini. Aliitwa Arbia. Alisema anakaa Hagadera, ana ugonjwa wa moyo, na sasa amepata safari ya ng'ambo ambako atapasuliwa.

"Naondoka na mwanangu," alisema. "Nimeambiwa wewe unafunga mizigo kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Utatufungia? Jelle, waryaa, njoo umsalimie dada."

Jelle alijitokeza nyuma ya mama yake, macho chini. Kaaha aliwapokea kwa adabu, akampa mama maji, akamwitia bajaji. Kisha akampigia Jelle simu.

"Binamu hajambo?"

"Kaaha, nisikilize."

"Wazee waliposema msafiri kafiri hawakukosea. Hakuna binamu. Anayeondoka ni wewe."

"Ni mimi. Nami si mtu wa Garissa. Nilizaliwa Hagadera, na kuja huko natembea na kibali cha kumleta mama hospitali. Ningekwambia siku ile mimi ni mkimbizi na tena naondoka, ungenitazama mara ya pili?"

Kaaha alitaka kusema ndiyo. Hakusema, kwa sababu hakuwa na uhakika, na hilo lilimuumiza zaidi ya uongo wenyewe. Akazima simu.

Alikaa siku kadhaa akiwa mkali kwa wateja na kwa mama yake. Jioni moja, wakila canjeero, alimuuliza baba yake kama kwa mzaha tu: angeletewa posa na kijana wa kambini angesema nini? Mzee Olow, dalali wa ngamia, hakuinua hata uso.

"Binti yangu simpi mtu anayeomba bolisi ruhusa ya kuvuka barabara. Na huyo akipata ndege anakuacha hapo na mtoto. Kula."

Basi ikawa kama amemsukuma. Kaaha alitoka uani akaiwasha simu.

"Jelle, unanitaka au unanichezea?"

"Wallahi nakutaka."

"Sheikh yuko huko?"

"Yuko."

Wapendanao waliokataliwa huku wana njia yao, huitwa masaafo. Msichana akiwa mbali na nyumba ya walii wake, mwendo unaohesabika kuwa safari, yuko sheikh atakayekubali kuwafungisha nikahi bila baba kuwapo. Wazazi huilaani njia hiyo, na baadhi yao waliipita wenyewe. Kaaha alipakia mabegi ya kuuza kwenye lori, akapita vizuizi vya polisi kwa kitambulisho chake, akafika Hagadera mchana, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wanaume wawili waliotoka msikitini wakawa mashahidi. Mahari ilikuwa msahafu. Jelle aliazima chumba cha rafiki yake, mabati juu na turubai ubavuni, mikokoteni ya punda ikipita nje, na humo wakawa mume na mke.

"Mke wangu," Jelle alimwambia, akilijaribu neno lile kama alivyolijaribu koti. "Nikifika tu, nakuita."

Kaaha alimwamini. Kila alipopeleka mabegi Hagadera alipitia kwenye chumba kile, na nyumbani walishangaa biashara ya kambini imestawi vipi.

Kosa lao Jelle alilijua darasani, kule kambini. Wasafiri hufundishwa kabla ya kuondoka: kufunga mkanda wa ndege, kuwasha jiko la umeme, kutembea juu ya barafu. Siku ya mwisho mwalimu aliwaambia kwamba watakapofika Nairobi, kabla ya kupanda ndege, kila mtu ataulizwa kama ana mke au mume ambaye hakumtaja kwenye mahojiano ya kuombea safari. Anayesema ndiyo, faili la familia nzima linarudi nyuma. Anayeficha, mke aliyemficha hataletwa kamwe, kwa kuwa siku ya safari alimkana.

Jelle alipiga simu papo hapo, nje ya darasa.

"Kaaha, tumejifunga wenyewe."

Alipomaliza kueleza, Kaaha aliuliza jambo moja tu: "Faili likirudi nyuma, mama je?"

"Vipimo vyake vinaisha muda. Daktari anasema moyo ule hauna subira ya miaka."

Siku ya kufungasha, Kaaha alikwenda Hagadera kama mfungashaji wa kukodiwa. Mama Arbia alimpokea kwa chai ya maziwa ya ngamia, hajui kwamba anamkaribisha mkwe wake. Jelle alikaa pembeni, na vitu vyote vya maisha yao vilikuwa mkekani: blanketi, picha za marehemu, dawa, na mkebe wa nyirinyiri uliozibwa kwa samli.

"Mama, nyama hairuhusiwi kule," Kaaha alisema. "Wataitupa."

"Hii si nyama, abaayo. Hii ni dawa."

"Watainusa, mama."

"Basi wainuse washibe."

Wakacheka wote watatu. Arbia alimtazama akikunja mashati ya Jelle, mikono yake ikipita polepole kwenye kola. "Mungu akupe mume mwema," alisema. "Mikono kama hii haifai kulala peke yake." Kaaha aliinama akajifanya anatafuta kufuli, maana machozi yalikuwa yameshafika. Kisha mama akaenda kuaga majirani wa bloku.

"Nitasema kweli," Jelle alisema mara mlango ulipofungwa. "Nitawaambia nina mke. Tubaki."

"Na mama?"

"Mungu atajua."

"Mungu ameshajua, ndiyo maana amempa safari." Kaaha alikuwa akisukuma soksi ndani ya kiatu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa ameshafikiria yote njiani, kama alivyofikiria kila begi. "Niache, Jelle."

"Unasema nini?"

"Nipe talaka. Moja. Wakikuuliza una mke, utasema huna, na hutakuwa umesema uongo. Utakwenda, mama atapona. Eda yangu itaisha. Ndipo utaleta posa kwa baba yangu kama mwanamume mwenye makaratasi, tufunge nikahi mpya, mchana, mbele ya watu. Hiyo itahesabika."

"Naweza kukurejea kwa simu. Neno moja tu, kabla eda haijaisha."

Na ni kweli. Talaka ikiwa moja, mume humrejea mkewe kwa neno, popote alipo, maadamu eda haijaisha. Hedhi ya tatu ikiingia, eda imekwisha na mlango umefungwa.

"Ukinirejea, narudi kuwa mke yule yule uliyemkana," Kaaha alisema. "Usinirejee. Hata nikilia. Niahidi."

"Siwezi kulisema, Kaaha."

"Sema. Mama anarudi."

Jelle alilisema neno la talaka huku ameshika mkono wa begi, kisha akaahidi. Kaaha akasema sawa. Alilipima begi, likatimia uzito barabara, akafunga kitambaa cha njano na kukaza fundo. Mama Arbia aliporudi alimkuta mwanawe ameketi chini akilia, akadhani analilia Hagadera.

Hakuna aliyekaa eda kwa siri akajua raha. Mama yake Kaaha, Mulki, aliona binti hali vizuri akamchemshia supu. Mzee Olow alileta habari za Bulle, mwenye malori wa Modogashe, mjane mpole, anayetaka jibu la posa yake. Kaaha alisema anaumwa, akasema biashara, akasema baada ya Ramadhani. Kweli ilikuwa moja, kwamba mwanamke aliye edani haposwi, na hakuwa na wa kumwambia.

Jelle alipiga simu kila siku, halafu kila alipoweza. Mama amepasuliwa, yu hai, alhamdulilahi. Theluji inafika magotini. Amepata kazi kwenye kiwanda cha kufungasha nyama ya kuku, zamu za usiku. Kumleta mke, wameambiwa, huchukua miaka, na kabla ya hapo lazima awe na kipato, na kabla ya kipato lazima ajue lugha. Kila simu ilikuwa na jambo jipya linalotangulia. Aliacha kumwita macaanto. Kaaha alijiambia ni adabu, kwa kuwa sasa si mkewe. Baadaye hakujua tena ajiambie nini.

Na hapo akili yake yote ya kufungasha ikamwacha. Alianza kulitamani lile neno. Alikwenda na simu msalani, akalala nayo chini ya shavu. Jelle avunje ahadi, aseme nimekurejea, wapotee pamoja, lakini yeye Kaaha ajue kwamba bado ni wake. Kiuno kilipoanza kumuuma kwa mara ya tatu tangu talaka, dalili anazozifahamu kila mwanamke, alifunga kibanda mapema akapiga mwenyewe.

"Mama hajambo?"

"Anatembea. Anakusalimia, anauliza umepata mume."

"Na wewe huna la kuniuliza?"

"Kaaha, nimechoka, nimetoka zamu."

"Jelle, nirejee." Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. "Sema sasa hivi. Nirejee."

"Ulinikataza. Hata ukilia, ulisema."

"Nilisema. Sasa nalia."

"Nikilisema, nimekupoteza."

"Na usipolisema?"

Alingoja. Alisikia mlango ukifunguliwa huko mbali, mtu akimwita kwa lugha asiyoijua, na Jelle akajibu kwa lugha hiyo hiyo, haraka, kama mwenyeji. Kisha akarudi kwenye simu akasema atapiga kesho, inshallah, akakata. Kaaha alibaki na simu sikioni. Je, yule ni mwanamume anayeshika ahadi yake kwa uchungu, au ni mwanamume aliyeona ahadi ni njia rahisi ya kutokea? Kwa nje, wawili hao wangenyamaza vile vile.

Asubuhi ilimkuta macho. Adhuhuri adhana ilipolia, Mulki alitandaza mikeka miwili uani, akatawadha, akajifunga shuka, akageuka kumtafuta binti yake. Kaaha alikuwa ametoka bafuni muda huo, ameegemea mlango, uso umemsawijika.

"Njoo tuswali, hoyo."

"Leo siswali, mama."

Ni neno la kila mwezi katika nyumba yenye wanawake. Mulki hakuuliza kitu. Aliukunja mkeka mmoja, akasema, "Basi pumzika. Jioni baba yako anakuja na wazee wa Bulle, ukajipake hina," kisha akaelekea kibla.