Dawa ya Kwapa na Koti la Lazarus

Habari hii niliambiwa na Kageha mwenyewe, mwaka wa pili baada ya Uhuru, tukipukuchua mahindi nyumbani kwake Shirere.

Kageha alikuwa mjane. Alifanya kazi kwa Wanyonyi, fundi wa nguo mjini Kakamega. Kageha ndiye aliyewapima akina mama. Kila siku alivaa koti la marehemu mumewe, Lazarus, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Jua liwake, mvua inyeshe, hakulivua. Wala hakulifua.

Siku moja, akipimwa, mteja mmoja aliruka nyuma. "Fundi, huyu mama amefuga beberu ndani ya koti?"

Wenzake wakacheka.

Walipoondoka, Wanyonyi alimwambia Kageha, "Mama Navalayo, pole na msiba. Lakini wateja wananikimbia. Ikiendelea hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Kageha aliwafikiria wanawe. Watoto wangekula nini? Akaenda dukani, akanunua dawa ya kuzuia harufu ya kwapa, ile inayoitwa diodoranti. Akaipaka ndani ya koti. Kesho yake ikawa vibaya zaidi, jasho na manukato pamoja.

Jirani yake Jescah, muuguzi, alimkuta jikoni akilia.

"Kwani unapakanga wapi?"

"Kwa koti. Si ndiko kunakonuka?"

"Hapana, dada. Hiyo ni ya ngozi. Jasho likikaa kwapani, vijidudu hulila, ndipo kikwapa huja. Oga kwanza kwa sabuni. Jikaushe. Kisha paka kidogo tu. Kama ngozi ina kidonda, ngoja ipone. Nayo nguo ifuliwe. Dawa haiondoi uchafu."

Kageha akalikumbatia koti. "Nikilifua, harufu yake itakwenda. Nitabaki na nini cha Lazarus?"

Jescah akaketi kando yake. "Niambie ukweli. Hiyo harufu bado ni yake?"

Kageha aliinamisha uso kwenye kola. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Ni yangu," alisema. "Yake ilishaisha."

Wakalifua pamoja. Maji yalitoka meusi.

Koti lilipokauka, Kageha alioga, akajikausha, akapaka dawa kwapani, akaenda kazini. Mteja aliinua mikono apimwe, akasimama karibu naye, akatania.

"Usinibane kifua, mama. Mimi hula nikashiba!"

Wanyonyi akasema, "Kesho uje mapema. Tuna nguo za harusi."

Jioni Kageha aliwasimulia watoto jinsi baba yao alivyokuwa akicheka mpaka anakohoa. Mmoja mmoja wakasinzia. Naye akajilaza kando yao, akalala.