Mabaki ya SafishaPlus

"Ndago imeota ofisini," sauti ilisema kwenye simu.

"Naenda kuling'oa gugu hilo," Beatha Mmbaga akajibu, akakata.

Akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikauacha mji wa Same, vumbi likaimeza milima ya Upare kwenye kioo cha nyuma. Kiunoni alikuwa na bastola ya Glock. Mfukoni alikuwa na flashi ndogo nyeusi.

Leo alihitaji flashi.

Saa tatu na dakika arobaini aliingia kwenye ofisi ya kulinda faru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Karani, mzee Tumainieli, alitabasamu. "Umesumbuka bure. Ile SafishaPlus nimeifuta jana."

"Umeifutaje?"

"Nilikivuta kipicha chake nikakitupa kwenye pipa la kompyuta. Pipa nalo nikalimwaga."

"Umekata majani, mzee. Mzizi upo."

Programu ile ilikuja bure, ikijidai kuongeza kasi ya kompyuta. Kila saa kamili, kola iliyofungwa mguuni mwa faru jike ilituma ofisini mahali alipo. SafishaPlus iliwapelekea majangili nakala. Wawili walikuwa tayari porini, na bunduki yenye kizuia sauti.

Redio ikakoroma, askari wa doria akiita kutoka porini. "Eliufoo hapa. Nimempoteza faru na ndama wake. Naomba nukta yake ya saa nne kwenye ramani."

"Utaipata."

"Na wao?"

"Hawataipata."

Beatha akachomoa waya wa intaneti. Kibodi ilinata mafuta ya maandazi. Akakunja uso, akaendelea.

Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi. SafishaPlus ilikuwemo, hai. Akaizima. Akaingia kwenye mipangilio, akaitafuta, akabonyeza "Ondoa".

Kikatokea kijibwa kinalia machozi. *Unatuacha kweli?*

Beatha akashusha macho chini ya kijibwa.

"Bonyeza ndiyo, tumalize," mzee alisema, kidole kikienda kwenye kitufe.

Beatha akamdaka mkono. "Soma chini."

Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. *Bakiza huduma saidizi.* Kisanduku kilikwisha kuwekewa alama ya vema.

"Nani ameiweka?"

"Wenyewe. Mwizi anaaga huku ameshika funguo za nyumba yako."

Akaitoa alama. Akaondoa programu. Akafuta folda iliyobaki na kiambatisho kwenye kivinjari. Kisha akafungua orodha ya kazi zilizopangiwa muda.

*Sasisho la Printa. Saa 3:59.*

"Mzee, printa yenu iko wapi?"

"Hatujawahi kuwa nayo."

"Wajinga hawa, kujificha kwenye printa isiyokuwepo," Beatha alisema taratibu, akaifuta.

Akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Akachomeka flashi, akaichunguza mashine yote.

Safi.

"Sasa weka nywila mpya ya kola, ya zamani huenda wanayo. Mimi nageuka."

Mzee aliichapa kwa kidole kimoja, bila haraka. Saa tatu na dakika hamsini na nane. Beatha akarudisha waya.

Saa tatu na hamsini na tisa. Hakuna kilichoamka.

Saa nne kamili, nukta nyekundu ikawaka. Akamsomea Eliufoo namba zake.

Saa nne na dakika ishirini, redio ikakoroma tena.

"Beatha. Faru yuko nyuma yangu, ananyonyesha. Majangili wako mbele, chini ya mgunga, wameinamia simu. Bado wanasubiri nukta."

"Wakamate."

Redioni ikasikika bunduki ikianguka kwenye mawe. Mtu akaomba msamaha.

Beatha akafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kisha akaitupa leso kwenye pipa. La plastiki, lililokuwa mlangoni.

"Chai je, mwanangu?"

"Nikirudi, mzee. Ukishaisafisha kibodi."

Akavaa miwani ya jua, akatoka.