Kamba ya Papa Léopold

Siku ile mpumbavu alikuwa Guylain, na ukimwuliza mwenyewe hakatai.

Kila Jumamosi alitoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala akiwa amekaa juu ya magunia ya mihogo kwenye lori, hadi bandari ya Kashikishi, kando ya ziwa. Hapo Ba Mwenya aliwafundisha vijana kunyanyua injini za boti kwa palan, ile winchi ya mnyororo unaovutwa kwa mkono. Masharti yake wangeweza kuyaimba usingizini: kagua mkanda kabla ya kufunga, pandisha mzigo kidogo, kisha ungoje, chini ya mzigo asikae mtu, hata kuku.

Asubuhi hiyo mkanda wa kunyanyulia ulikutwa umechanika, na mwalimu akaenda kuazima mwingine. Mwenye injini akaanza kunung'unika kwamba ziwa halimngojei mtu. Guylain akashusha begani kamba ya nailoni aliyoachiwa na baba yake, Papa Léopold.

"Hii ilivuta boti yetu ilipozimika katikati ya ziwa, tukikimbia Congo," alimwambia Chewe, mwenzake wa mafunzo. "Watu wote wa nyumba. Injini moja itaishinda?"

"Ikikatika, utanizika nayo," Chewe alimtania, akaishika injini isiyumbe.

Guylain akavuta mnyororo mfululizo, bila kungoja. Injini ilipofika usawa wa magoti, kamba ikakatika. Chewe alipoteza vidole viwili vya mguu.

Hospitalini Guylain hakuweza kuinua macho.

"Acha kuniombolezea," Chewe alisema. "Vidole vyenyewe havikuwahi kunisaidia hesabu." Alijaribu kucheka, kisha akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Kesho yake Ba Mwenya alifika Mantapala. Kwanza alijilaumu: palan aliiacha bila kuifunga kwa kufuli. Kisha akaisokota ile kamba kinyume, ikafumuka. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekauka, zikamwaga unga mweupe kiganjani.

"Jua limeila," alisema. "Kamba iliyokwisha hukatwa vipande, mwingine asije akaifungia mzigo. Ikate, halafu Jumamosi urudi mafunzoni."

Guylain akaikumbatia. Baba yake alikufa kwa homa kule kambi ya wakimbizi ya Kenani, mwaka ule ule waliovuka, na hakuacha kitu kingine.

"Kosa ni langu, Ba Mwenya, si la kamba. Nitaificha."

"Ukiificha, mdogo wako ataifichua. Naye ana rafiki mwenye vidole."

"Papa aliiamini na roho zetu zote. Mimi ni nani hata niikate?"

Mama Germaine, mama yake, alikuwa akimenya mihogo kando yao. Akafuta kisu kwenye kitenge, akamsogezea mwanawe.

"Mutoto yangu, Papa yako hakuiamini hata siku moja. Kila asubuhi aliipitisha vidoleni shubiri kwa shubiri, na kipande kilicholika alikikata. Ndiyo maana ilituvusha."