Barua ya Pole Iliyoandikwa Mara Mbili

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya kuandikia halina adabu. Wazazi wanasukumana, watoto wanalilia penseli za rangi, mashine ya fotokopi inakohoa pembeni. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, ovaroli ya buluu yenye madoa ya mafuta, kofia ameishika kifuani kama mtu aliyeitwa kwa hakimu.

"Dada, nasikia hapa mnaandika barua za pole."

"Umesikia vizuri. Nani kafiwa?"

Aliyejibu ndiye Karani. Soko zima lilimwita hivyo. Gauni la njano, kilemba cha kijani, na kalamu kaichomeka kwenye kilemba kama ua. Duka lilikuwa la shangazi yake, lakini barua zilikuwa zake, na za pole ndizo zilizompa jina.

"Jirani yangu kafiwa na mumewe. Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani, hapo ng'ambo ya ujia. Mkono wangu bisibisi unaijua, kalamu unaiogopa."

Karani aliandika mbiombio, kisha akasoma kwa sauti ya kutetemeka kidogo, kama kawaida yake: "'Tumepokea kwa mshtuko habari za msiba huu mzito. Marehemu alikuwa taa ya nyumba na nguzo ya wote waliomfahamu. Pengo lake halitazibika.'"

Fundi alijikuna kichwa. "Taa? Mzee yule alikuwa anatuzimia taa ya ngazini, mtu yuko katikati!"

Karani alicheka mpaka shangazi akageuka. "Kaka yangu, hapa dukani wafu wote ni taa. Sijawahi kumwita mtu mshumaa."

Fundi naye akaangua kicheko. Aliondoka na barua, kesho yake akarudi kununua bahasha. Keshokutwa, bahasha nyingine.

"Wewe kijana," shangazi alimuuliza, "bahasha zote hizo unamwandikia nani?"

"Naweka akiba, Shangazi."

"Akiba ya bahasha, au ya muuza bahasha?"

Basi wajukuu zangu, mnajua mambo haya yanavyokwenda. Haukupita muda mrefu, chai ya Karani ikawa inanywewa kwa Fundi, katikati ya vyerehani vilivyofunguliwa matumbo. Na huko ndiko simu ilikoanza kumtafuta.

Ilikuwa ya mama yake Fundi, mjane, mshonaji wa nguo katika mji wa mbali. Sauti nene, kicheko kimejaa ndani.

"Mkwe! Kitendawili!"

"Tega, Mama!"

"Ana jino moja. Anatafuna viwili, anatoa kimoja."

"Mmh... bibi kizee anayekula muwa?"

"Ondoka hapa!"

"Konokono?"

"Lo! Mwanangu, msomi huyu umemwokota wapi?" Fundi alikuwa ameuma kofia yake asicheke. "Umeshindwa, mkwe. Nipe mji nikwambie."

"Sitoi mji, Mama. Nitapata mwenyewe."

"Haya, mkaidi wangu. Nakungoja."

Ikawa ndiyo salamu yao. Kila simu: "Umepata?" "Bado, Mama." "Na umri unakwenda!"

Asubuhi moja Fundi alitoka dukani kwake na simu mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili. Alisimama kwenye ujia, watu wanamkwepa huku na huku.

"Mama," alisema. Karani aliutazama uso wake, akajua amefiwa.

Fundi alipanda basi la kwanza. Karani alibaki, maana hakuwa ametambulishwa kwa ndugu, na msibani si mahali pa kwenda kujitambulisha. Lakini basi la mchana lingeweza kubeba barua. Karani alichukua karatasi nene yenye ukingo wa dhahabu. Alitaka kumpa mpenzi wake kilicho bora kabisa, na kilicho bora, kwa alivyojua yeye, ni kile kilichowaliza wateja wote. Akaandika bila kufuta hata herufi.

Fundi aliporudi, alipita mbele ya duka bila salamu. Simu hakupokea. Mwishowe Karani alivuka ujia.

"Fundi, roho yangu, nimekukosea nini?"

Fundi alikuwa anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. "Barua yako niliisoma kwa sauti, mbele ya ndugu zangu. Nilitaka wakujue kwa maneno yako. Nikafika pale penye taa, nikaikunja."

"Fundi..."

"Wafu wote ni taa, si ndivyo? Siku ile nilicheka. Sikujua foleni itamfikia mama yangu."

Karani alirudi dukani akajificha nyuma ya maboksi ya madaftari, akalia. Shangazi akamwacha. Kisha akaja na kikombe cha maji.

"Umemaliza? Sasa andika."

"Niandike nini, Shangazi? Maneno yote nimeshayauza."

"Yote? Hata yale mliyokuwa mnapigiana kelele na mama wa watu kwenye simu?"

Karani alichana ukurasa kwenye daftari la shule. Safari hii alifuta, akakata, akaanza upya. Alipomaliza aliivusha mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya Fundi, akaondoka.

"Fundi," barua ilisema, "mama yako hakuwa taa. Alikuwa mtu wa kupiga simu duka likiwa limejaa, nikisema nina wateja anasema, 'Wangoje, mimi ndiye mzee.' Aliniita mkwe kabla wewe hujathubutu. Akicheka alikohoa, na kikohozi akanisingizia mimi. Sikuwahi kumshika mkono, na sasa sitamshika. Hilo linaniuma, na sina neno zuri la kulifunika. Kitendawili chake sijakipata. Jana nilifikiri ni mkasi, nikachukua simu nimpigie, halafu nikakumbuka. Nilikuandikia kama mteja. Nisamehe. Nipo ng'ambo."

Jioni, shangazi akifunga milango, Fundi alisimama pale kaunta, kofia kifuani kama siku ile ya kwanza.

"Dada, nasikia hapa mnaandika barua za pole."

"Tunaandika vibaya," Karani alisema, macho chini.

"Hii ya pili nimewasomea wote nyumbani, kwa simu. Dada yangu analia, anauliza: mkaidi huyo anakuja lini tumwone?" Aliegemea kaunta. "Kweli hujapata?"

"Sijapata."

"Na unashinda unakitazama! Nipe mji."

"Chukua wowote. Nimeshindwa."

"Njoo."

Dukani kwake, karibu na dirisha, kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Fundi aliivuta. Cherehani kikuukuu cheusi cha mama yake, na chini ya sindano vipande viwili vya kitambaa cha njano, mshono umeishia katikati.

Karani alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Jino moja! Lo, Mama!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. "Na nguo hii?"

"Aliniuliza rangi unayoipenda. Alisema mkwe wake hawezi kutambulishwa akiwa na gauni la dukani. Ndugu walitaka kukitoa kitambaa, nikawakatalia. Utaivaa, mpenzi? Uje nayo nyumbani, nikuoe?"

"Nitaivaa. Lakini nani ataimaliza? Wewe unatengeneza tu, na mimi sijui kushona."

"Kaa."

Alikaa. Fundi aliweka mkono wake juu ya mkono wa Karani, wakazungusha gurudumu pamoja, polepole. Jino likashuka, likapanda, likashuka. Walipotazama, mshono wa mama ulikwenda umenyooka, na pale walipoanzia wao ukayumba kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Mama angeufumua," alisema Karani.

"Wote," alisema Fundi. "Na angekucheka mpaka akohoe."