Kishungi Haji Tena Mkononi

Fundi viatu mstaafu alichemsha chai ya kikombe kimoja. Zamani alichemsha birika zima. Lakini mkewe alifariki, na binti yao akaolewa mbali. Redio ilisema, mzee akaijibu. Alipochoka kubishana na redio, alivaa kofia akaenda bustani ya wanyama iliyokuwa jirani.

Huko waliishi tumbili wadogo, wadogo hasa, wa kuenea kiganjani. Hawakufungiwa kwenye vizimba. Walirukaruka juu ya miti ya bustani, na jioni walirudi kulala kwenye kibanda chao. Mmoja alikuwa na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Mzee akambandika jina: Kishungi.

Kila siku mzee alimletea ndizi. Kishungi alishuka akaipokea mkononi.

"Leo umechelewa kushuka, bwana mdogo," mzee alimwambia. Kuna siku ambazo hakuzungumza na mwingine yeyote.

Siku moja mzee alipokuwa akiondoka, alisikia kelele langoni. Akageuka. Kishungi alikuwa amemfuata hadi barabarani! Pikipiki ilifunga breki, ikayumba. Kishungi aliganda katikati ya lami. Mzee alimfukuza kwa kofia mpaka akarudi ndani.

Mtunza wanyama, mama aliyevaa buti za mpira, alikuja mbio.

"Mzee wangu, huwa unamlisha?"

"Ndizi kidogo tu, mwanangu. Kuna ubaya?"

Mama yule akamketisha kwenye benchi. "Misitu yao imekatwa. Wamebaki wachache mno duniani. Hapa tunawaacha huru ili wajitafutie wadudu na matunda wenyewe. Huenda siku moja watoto wao wakarudishwa msituni. Akizoea mkono wako, ataufuata mkono wowote, hata wa mtega mitego. Tena mafua yetu yanaweza kuwaua."

Mzee aliipangusa kofia vumbi. Kisha akasema, "Lakini huyu ndiye pekee anayenisubiri."

Mama akaketi kando yake. "Pole, mzee wangu. Usiache kuja. Ila kaa mbali, usimwite, usimpe kitu. Tazama nani anakula na nani amezubaa, uniambie. Macho yangu mawili hayatoshi."

Kesho yake mzee alikaa na mikono mifukoni. Kishungi alishuka, akamlilia. Mzee akatazama viatu vyake mwenyewe. Ikawa hivyo siku nyingi. Mwishowe Kishungi akaacha kushuka. Jioni hiyo mzee hakuwasha redio.

Hata hivyo aliendelea kwenda. Sasa aliona mambo ambayo hakuyaona alipokuwa akilisha. Aliwaona wakichokoa wadudu kwenye magome. Aliona mmoja akilinda huku wenzake wakila. Na yeye ndiye aliyemwambia mtunza, "Yule jike tumbo limekua."

"Ehe! Hilo lilinipita, mzee."

Jike akazaa mapacha. Asubuhi moja Kishungi alipita juu ya benchi, watoto wamemng'ang'ania mgongoni.

"Kwao baba hubeba watoto," mtunza alieleza.

Kishungi alinasa panzi, akamtafuna, akarukia tawi jingine. Hakutazama chini.

"Amekusahau, mzee wangu," mtunza alisema kwa upole.

"Ndiyo." Akajipangusa macho, akainua tena uso kuelekea matawini. "Mapacha wote wawili wameshika vizuri," akasema.