Unatosha na Kubaki

Mtoto huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini mtaani kila mtu alimwita Mapozi, kwa jinsi alivyotembea shingo juu hata akiwa amebeba ndoo ya maji machafu. Akirudi shuleni alivua sare, akaifua na kuianika dirishani, maana ilikuwa hiyo hiyo moja. Kisha alifagia. Kufagia hakukuchukua muda. Nyumba nzima ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande mmoja kitanda cha baba na mama, upande wa pili godoro lake, jiko na madumu ya maji.

Baba yake alikuwa fundi wa rangi katika kampuni ya ujenzi. Jioni alirudi na rangi mpaka masikioni, na majirani wakamtania, "Leo ulikuwa kwa tajiri wa kijani!" Mama alipiga pasi kwa dobi siku ambazo nguo zilikuwa nyingi. Na mshahara wa baba, ukishaingia, ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: haukukaa hata kunywa chai.

Haya yote Mapozi aliyajua. Lakini likizo iliyopita, alipokwenda kwa bibi kwenye mji mdogo, aliwaambia binamu zake mambo mengine kabisa. Eti ana chumba chake peke yake, chenye dirisha linaloangalia bustani. Eti kwao kuna friji imejaa soda. Binamu zake walibaki midomo wazi. Uongo ni mtamu, jamani, hasa ukipata wasikilizaji.

Alasiri moja simu ya mama iliita. Mama alikuwa kwa dobi, ameiacha kwenye chaji. Aliyepiga alikuwa mjomba, mdogo wake mama na baba wa wale binamu, fundi wa kuchomelea mageti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Afadhali nimekupata wewe. Kiwanda kimoja huko kwenu kinaniita kazini. Mshahara wenyewe ni sawasawa na wa baba yako. Nikija na mke wangu na hawa watoto wawili, utatutosha? Mama yako nikimuuliza atasema njoo, kwa kunipenda tu. Wewe ni mtoto, hutanificha."

Mapozi akalitazama pazia. Jibu lilikuwa pale pale mbele yake. Lakini akisema haumtoshi hata baba, ile friji ingekwenda wapi? Na lile dirisha la bustani? Binamu zake wangemcheka mpaka wachoke.

"Unatosha, mjomba," alisema. "Unatosha na kubaki."

"Basi umenitoa wasiwasi! Kuna mtu anaitaka mashine yangu ya kuchomelea. Keshokutwa namuuzia, nipate nauli na kodi ya kuanzia."

Mapozi aliirudisha simu kwenye chaji kama kitu kilichomuunguza. Hakumwambia mtu. Kwa siku mbili aliacha chakula nusu sahani, na mama alipomuuliza kama anaumwa, alisema kichwa.

Siku ya tatu jioni, mama alikuwa akikata vitunguu simu ilipoita tena. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa michafu, alimwambia Mapozi aweke spika.

"Dada!" Sauti ya mjomba ilijaa chumba kizima. "Mnunuzi wa mashine yuko njiani, mwezi ujao niko kwenu. Naomba unitafutie chumba. Kiwe kama kile cha mpwa wangu, chenye dirisha la bustani. Na umuulize shemeji, ile friji aliinunua wapi?"

Kisu cha mama kilisimama. Baba, aliyekuwa akijisugua rangi kwa mafuta ya taa, alimtazama mama. Mama akamtazama Mapozi.

"Haya... nitakipata," mama alijibu kwa sauti ndogo, kisha simu ikakatwa.

"Mama Mapozi," baba alisema, "tuna friji, mimi sijaiona?"

Hakuna aliyecheka. Mapozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alieleza yote, tangu likizo mpaka simu ya juzi, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Alisubiri kofi. Halikuja, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Mimi nina mtoto mmoja tu," baba alisema, "na mama yako ananisaidia kwa pasi. Hata hivyo, mwisho wa mwezi tunakunywa chai bila sukari, tunajidai ni kwa ajili ya afya. Mjomba wako ana wawili. Mshahara ukimshinda na mashine ameshaiuza, atarudi kushika nini?"

"Nilijua ataiuza," Mapozi alisema huku akilia. "Aliniambia."

"Basi mpigie."

"Mama ampigie, baba, tafadhali. Naona aibu."

"Aibu ni yako, ibebe mwenyewe. Tena fanya haraka."

Simu iliita, ikakatika. Akapiga tena.

"Mpwa wangu, sema upesi, tunapakia mashine hapa!"

"Usiuze, mjomba! Nilikudanganya. Mshahara hautoshi. Sina chumba, sote tunalala chumba kimoja chenye pazia. Friji hakuna. Niliona aibu kukwambia."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamume, "Vipi fundi, tunapakia au hatupakii?"

"Ishushe, kaka. Haiuzwi tena. Uniwie radhi kwa usumbufu." Mjomba akarudi kwenye simu, akasema taratibu, "Mpwa wangu, sikukuuliza kama ninyi ni matajiri. Nilikuuliza kama watoto wangu watashiba."

"Nisamehe, mjomba," Mapozi alisema.

"Nimekusamehe. Nipe mama yako."

Mama alifuta mikono, akaichukua simu. "Mdogo wangu, kosa si la mtoto peke yake. Mimi mwenyewe kila ukipiga nakwambia tunakula na kusaza. Na hivi punde nimekuitikia habari ya chumba ambacho hakipo. Waambie hao wa kiwanda wakuongezee mshahara au wakupe nyumba. Wakikataa, baki na mageti yako."

Mjomba alikubali, wakaagana. Mama akamvuta binti yake, akamketisha kando yake kitandani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Wewe na mimi tumefanya kosa moja. Kukosa si aibu, mwanangu. Ukiwa huna, sema huna. Watakucheka leo, kesho watasahau. Lakini huu uongo wetu, wangeulipa binamu zako kwa matumbo yao."