Anwani ya Kiapo

Saa sita na dakika kumi mchana, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba kwa kalenda ya zamani, mlango wa nyumba namba 14, Uchochoro wa Pili, mjini Liuchiao, kusini mwa Taiwan, uligongwa mara tatu. Teng-fu aliacha bakuli lake la tambi akaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na unyoya mmoja mweupe, umelowa.

"Nani?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Kuku," alisema, akarudi kwenye tambi.

Yueh-o alikuwa akishona sare za shule humo humo sebuleni, na huo ndio ulikuwa msimu wake. Hakuinua kichwa mpaka aliposikia harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto, kama nyuma ya banda la wachinja kuku sokoni.

Jioni Teng-fu alikuwa na mstari mwekundu chini ya sikio la kushoto, mwembamba kama uzi, urefu wa ukucha.

"Kola imekukwaruza."

"Kola gani? Nimeshinda na singlendi."

Kesho yake mlango uligongwa saa ile ile. Hawakufungua, na haikusaidia kitu. Mstari uliongezeka upana wa vidole viwili. Daktari alitoa dawa ya kupaka. Siku ya nne ulipita chini ya koromeo. Teng-fu sasa alikunywa uji tu, na kila alipomeza, ndani ya koo lake ilitoka sauti ya kuku aliyebanwa, ambayo haikuja wakati wa kumeza bali baadaye kidogo, mdomo wake ukiwa umefungwa na macho yamemkazia mkewe, yakimuuliza kama naye ameisikia.

"Nimemdhulumu nani mimi?" alinong'ona. "Niambie, mke wangu. Kama kuna mtu, nikamwombe radhi."

Yueh-o alifikiri kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa fundi wa feni. Kosa lake kubwa lilikuwa kukoroma.

Jumatano, siku ya sita, Yueh-o alikwenda kwenye hekalu la Mungu wa Mji, anayehukumu wafu, na walio hai walioponyoka mahakamani. Karani wa hekalu, mzee Ko, alianza kuandika anwani yake, akasimamisha kalamu. Alitoa karatasi ya njano kabatini.

"Hii ni kesi ya Tsai Kun-ming," alisema.

Mji mzima uliijua. Mwezi Machi lori la kokoto lilimgonga na kumuua Liao Pin-yu, miaka tisa, akitoka shule. Halikusimama. Mahakama ilimwachia Tsai kwa kukosa ushahidi. Mama wa mtoto akapeleka kesi hekaluni na kumtaka aape. Tsai alikuja na jogoo mweupe, akamkata kichwa mbele ya watu, akasema: kama ni mimi, shingo na iwe kama hii. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akataja jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani.

"Ametaja kwenu."

"Tulinunua nyumba kwake," Yueh-o alisema. "Hakubadilisha usajili. Barua zake zote bado zinakuja kwetu."

"Na hii nayo imekuja. Askari wa Mungu wa Mji hawasomi sura, dada. Wanasoma anwani. Wanamshika aliyefungua mlango."

"Ifute basi, mzee."

"Siwezi. Anayeweza ni mwenye kesi."

Mama Liao aliitwa, akaja na aproni yake ya usafi. Aliitazama picha ya shingo ya Teng-fu kwenye simu.

"Pole. Lakini sifuti. Nikifuta, yule ameshinda."

"Mume wangu hajamgonga mtoto wa mtu."

"Mwanangu naye hakumgonga mtu. Alikuwa anarudi kula." Mama Liao akavuta kalamu. "Sina haja na shingo ya mumeo. Nipe anapokaa Tsai."

Yueh-o alipajua. Mwezi Mei alipeleka bahasha za mahakama mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye pengo mdomoni, akazipokea kwa mikono miwili, akasema, asante shangazi.

"Kabla ya kuandika," mzee Ko alisema polepole, akimtazama Yueh-o, "nyumba hiyo, mchana, nani hufungua mlango?"

Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika ishirini, na Yueh-o aliwaza kwamba asubuhi hiyo ncha mbili za mstari zilikuwa zimebakiza vidole viwili kukutana kisogoni, na kwamba leo mumewe alikuwa peke yake, na kwamba mtoto yule alikuwa likizo kama watoto wote wa mji.

"Sijui," alisema.

Mama Liao aliinamia karatasi. "Mtaa gani?"

Yueh-o alitaja mtaa, namba, ghorofa ya saba, mlango wa kushoto. Mzee Ko alipiga muhuri, akaichoma karatasi kwenye tanuri ili ifike kwa Mungu wa Mji.

"Siku ile mahakamani walisema haki imetendeka," Mama Liao alisema, akifunga upya aproni. "Wakafunga faili, wakaenda kula. Leo nami nitakula."

Saa sita na dakika kumi namba 14 haikugongwa. Usiku Teng-fu alikula tambi bakuli mbili, akalala, akakoroma.

Jumatatu iliyofuata, saa tisa alasiri, mke wa Tsai alileta binti yake kupimwa sare. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na tano. Mtoto alikuwa amefungwa skafu.

"Baba yake ndiye kanielekeza kwako. Kola iwe ndefu, fundi. Ndefu kabisa. Ana mzio, daktari kampa dawa ya kupaka."

"Shangazi," mtoto alisema kwa sauti ya kukwaruza, "wewe si ulileta barua?"

Yueh-o alifungua skafu. Kulikuwa na harufu ya manyoya. Kisogoni, kati ya ncha na ncha, palibaki nafasi isiyotosha kidole. Alizungusha futi, akaandika kwenye daftari: shingo, sentimita ishirini na saba.

"Itakuwa tayari lini?" mama aliuliza.

"Kesho kabla ya saa sita."

Blauzi ilikuwa tayari Jumanne saa tano asubuhi. Hakuna aliyekuja kuichukua.